Injini za Mvuke na Boti Zake: Maswali Ninayoulizwa Kisumu

Jumapili asubuhi nikishuka Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, na boti yangu ndogo ya mvuke kwenye kikapu, hakosi mtu wa kunisimamisha. Wavuvi huuliza, wanafunzi huuliza, na juzi askari mmoja naye aliuliza, baada ya kuhakikisha kwamba si bomu. Maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeyajibu hapa mara moja. Miaka mingi nilikuwa mtu wa boila katika kiwanda kimoja cha sukari. Baadhi ya yaliyomo humu niliyajua kazini. Yaliyobaki nimeyajua kwa kuharibu vitu nyumbani.

Mvuke, zama hizi za sola? Kwani mzee huna kazi?

Kazi nilistaafu. Lakini mvuke wenyewe haujastaafu. Viwanda vya sukari vya huku kwetu huchoma makapi ya miwa na kuchemsha maji. Chai ya Nandi na Kericho hukaushwa kwa joto la boila za kuni. Kule Olkaria, kaunti ya Nakuru, mvuke wa ardhini umekuwa ukizungusha mitambo ya umeme tangu 1981. Hata neno letu "stima" lilikuwa jina la meli ya mvuke kabla halijawa umeme. Leo Mkenya akilalamika kwamba stima zimepotea, anataja meli bila kujua.

Na mji huu wenyewe ulianza kama mchezo wangu. Meli iliyoitwa William Mackinnon iliundwa Paisley, Uskoti, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Mombasa, na vipande vyake vikabebwa bara hadi ziwani. Ilishushwa majini hapa mwaka 1900, kabla reli haijafika Desemba 1901. Kabla ya hoteli na benki, Kisumu ilikuwa na watu waliochuchumaa ufukweni wakifungua masanduku na kutafuta bolti zilizopotea. Mimi huwa hivyo kila Jumamosi.

Nianze na nini?

Usianze na injini. Anza na boti ya putu-putu, ambayo haina pistoni, haina gurudumu, wala haina kitu kinachozunguka. Inaitwa hivyo kwa sauti yake. Si kitu kipya: Mfaransa Thomas Piot aliiombea hataza Uingereza mwaka 1891.

Tafuta paipu ya shaba yenye unene wa nje wa milimita 3 hadi 5, urefu sentimita 40. Fundi wa friji atakuwa na kipande. Paipu nyembamba ya breki za gari pia inafaa ikiwa ni ya shaba. Usiikunje tupu, itajibonyeza. Ijaze chumvi laini iliyokauka, ziba ncha zote mbili kwa mkanda, kisha izungushe mara tatu kwenye kalamu nene. Ukimaliza, chumvi unaitoa kwa maji ya moto. Utabaki na miguu miwili ya kama sentimita 12 kila mmoja.

Boti yenyewe ni mkebe wa samaki au pakiti ngumu ya maziwa iliyokatwa kwa urefu. Miguu ya paipu itoke nyuma, ncha zake zizame majini, na mizunguko mitatu ikae juu ya kipande cha mshumaa. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, sukuma maji upande mmoja mpaka yatokee upande wa pili bila mapovu. Washa mshumaa. Baada ya muda mfupi utasikia.

Isipokwenda, tisa kwa kumi kuna hewa ndani ya paipu. Ijaze upya. Gharama nzima haifiki ya chakula cha mchana pale ufukweni.

Lakini maji yanatoka na kurudi kwa paipu ileile. Kwa nini boti haichezi mbele na nyuma mahali pamoja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na aliyeliuliza vizuri zaidi alikuwa msichana wa darasa la sita.

Maji yaliyo kwenye mizunguko yanageuka mvuke ghafla na kuyasukuma yale yaliyo mbele yake yatoke nyuma ya boti. Mvuke ukifika kwenye sehemu ya paipu iliyo baridi unageuka maji tena, presha inashuka, na maji ya ziwa yanavutwa ndani. Halafu inaanza upya, mara kadhaa kwa sekunde.

Sasa, weka mshumaa mbele yako kwa umbali wa mkono na uupulize. Umezimika. Uwashe tena, ujaribu kuuzima kwa kuvuta pumzi. Haiwezekani. Pumzi inayotoka inakwenda kama mshale, njia moja. Inayoingia inakusanywa kutoka pande zote. Maji ya putu-putu hufanya vivyo hivyo. Yanatoka kama mshale kwenda nyuma, yanarudi yakitokea kila upande, na tofauti hiyo ndiyo inayosukuma boti.

Nimechoka na putu-putu. Injini ya kweli ya kwanza iwe ipi?

Injini ya silinda inayoyumba. Haina vali ya kutelezesha wala vijiti vya kuiongoza. Silinda yenyewe imetundikwa kwenye pini moja, nayo inayumba kushoto na kulia jinsi kombo, yaani mkono unaozungusha shafti, linavyozunguka. Ikiyumba huku, tundu lake linakutana na tundu la mvuke; ikiyumba kule, linakutana na tundu la kutolea. Kuyumba ndiko vali. Springi ndogo huibana silinda kwenye uso wa bamba lenye matundu hayo mawili ili mvuke usivuje.

Vipimo vya yangu ya kwanza, ambayo bado inafanya kazi: kipenyo cha ndani cha silinda milimita 10, kombo milimita 8, kwa hiyo pistoni inasafiri milimita 16. Kutoka pini ya silinda hadi katikati ya shafti ni milimita 48. Hapo ndipo watu wengi huharibu, kwa hiyo fuata hesabu. Gawanya 8 kwa 48 upate moja ya sita. Tundu la silinda liko milimita 18 kutoka kwenye pini, upande wa kichwa. Moja ya sita ya 18 ni 3. Basi matundu mawili ya kwenye bamba yakae milimita 3 kushoto na milimita 3 kulia ya mstari wa katikati. Yote yatoboe kwa drili ya milimita 2.5. Silinda ikiwa imesimama wima tundu lake halimgusi jirani yeyote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukitoboa kwa milimita 4, mvuke utapita moja kwa moja kutoka mlango wa kuingilia hadi wa kutokea, na injini itakaa hapo ikipumua kama ng'ombe mgonjwa.

Bamba na uso wa silinda visugue kwa msasa laini uliowekwa juu ya kioo cha dirisha, ukichora namba nane, mpaka rangi iwe moja uso mzima. Nilipuuza hatua hii mara ya kwanza na nikapoteza wiki tatu nikilaumu springi.

Kwa kuwa mvuke unasukuma upande mmoja tu wa pistoni, lazima uweke gurudumu zito kwenye shafti ili livushe kombo nusu ya pili ya safari. Puli ya zamani ya chereheni inatosha.

Ina nguvu kiasi gani?

Kwa presha ya bar 2 na mizunguko 600 kwa dakika, tarajia wati moja, labda moja na nusu ukiwa umesugua vizuri. Chaja ya kawaida ya simu ni wati 5. Wati hiyo moja inasukuma boti ya kilo mbili vizuri kabisa.

Basi naweza kuchaji simu kwa mvuke?

Hapana. Utachoma joto la zaidi ya wati mia moja upate moja. Nunua paneli ya sola.

Ni lazima niwe na leithi, mashine ya kukerezea vyuma?

La. Mpe kazi fundi wa leithi, lakini usiende na maneno. Mpelekee mchoro wenye milimita. Ukimwambia "kama hivi" huku ukionyesha kwa vidole, atakutengenezea kama hivyo. Sehemu ya ndani ya silinda na pistoni ndivyo vinavyohitaji mashine. Yaliyobaki ni msumeno wa chuma, tupa, drili na subira.

Vyuma vya kazi napata wapi?

Kibuye, siku ya Jumapili soko likiwa limefurika, ukienda kwa mafundi wa vyuma kuliko kwa wauza nguo. Brasi hupatikana kwenye koki za maji zilizokufa, shafti za chuma cha pua kwenye printa zilizotupwa. Spoku ya baiskeli ya milimita 2 ni shafti ya propela iliyokuja ikiwa tayari imenyooka na ina nyuzi mwishoni. Paipu za shaba nyekundu, ambayo mafundi huita kopa, wanazo watu wa friji na viyoyozi, ingawa kubwa za kutengenezea boila zinahitaji uvumilivu.

Angalizo moja. Kopa ya bei ya kutupa inayouzwa gizani inaweza kuwa ilikuwa ndani ya transfoma wiki iliyopita, na kuna kijiji kinachokaa bila taa kwa ajili yake. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka muuzaji awe na leseni, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi huo. Nunua kwa mwenye leseni na uchukue risiti.

Boila naweza kutumia mkebe wa dawa ya mbu, jiko la presha, au mtungi mdogo wa gesi?

Hapana, hapana, na hapana.

Injini ni rafiki anayesamehe. Ukikosea, haizunguki, unacheka, unarudi mezani. Boila halisamehi. Maji yaliyofungwa kwa presha ya bar 2 yana joto la kama nyuzi 132, ingawa yangechemka chini ya nyuzi 100 yakiwa wazi. Chombo kikipasuka, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na lita moja ya maji ikigeuka mvuke wote huchukua nafasi ya lita kama 1,600. Hakuna mkono unaokwepa hilo.

Mkebe wa dawa ni bati jembamba lenye mshono, nawe hujui kutu inaula wapi. Jiko la presha limeundwa kwa presha yake na vali yake. Ukilitoboa na kulichomekea paipu, umeunda kitu kingine ambacho hakuna aliyekipima. Mtungi wa gesi una masalio ya gesi. Nimewahi kuona mtu akiulehemu, na sikusubiri kuona mwisho.

Boila lako la kwanza liwe paipu ya shaba nyekundu, kipenyo milimita 54, unene milimita 1 au zaidi, urefu milimita 100. Ukuta wa paipu hiyo hauna wasiwasi kwa bar 2. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa boila ni vifuniko vyake viwili vya mwisho. Piga hesabu: eneo la kifuniko ni kama sentimita mraba 21, na kwa bar 2 kila kimoja kinasukumwa na uzito wa kilo 43. Ni kama mtoto wa darasa la nane amesimama juu yake muda wote moto unapowaka. Kwa hiyo usikiweke bapa tu. Ipashe shaba moto mpaka iwe nyekundu, iache ipoe ili iwe laini, uigonge juu ya kibao kigumu ipate ukingo wa kuingia ndani ya paipu, kisha pitisha fito ya shaba katikati kutoka kifuniko hiki hadi kile, ivishikilie vyote viwili. Fito hiyo isiwe ya brasi. Maji ya moto huila zinki iliyo ndani ya brasi taratibu, nayo inabaki kama sponji huku kwa nje ikimeta.

Lehemu ya risasi ya fundi redio inatosha?

Kwa putu-putu, ndiyo. Kwa boila, kamwe. Lehemu ya redio huyeyuka kwenye nyuzi 183 na hulegea kabla ya hapo. Maji yakishuka kidogo na moto ukaendelea, viungo vinaachia. Boila langu la kwanza liliachia hivyo, kifuniko kikaruka na kugonga mlango wa choo. Tumia vijiti vya fedha, vile fundi wa friji anachomelea kompresa. Vinahitaji zaidi ya nyuzi 600. Soma pakiti: vijiti vyenye kadimiamu vina moshi wa sumu, viache dukani.

Ikiwa hujawahi kuchomelea kwa fedha, mlipe fundi wa friji afanye yeye, wewe ushike tochi ya kumulika. Hakuna aibu.

Ninapimaje boila kabla ya kuliwasha?

Kwa maji, si kwa hewa. Hewa iliyobanwa ni springi. Kitu kikiachia, inakirusha. Maji hayabaniki, kwa hiyo boila likiachia utaona tone likichuruzika na sindano ya geji, kile kipimo cha presha, ikishuka, basi.

Lijaze mpaka pomoni, uligeuzegeuze mapovu yote yatoke. Funga matundu yote ubakize mawili, moja la geji na jingine la pampu. Mimi natumia bunduki ya grisi ya gereji niliyoisafisha na kuijaza maji. Ina nguvu kupita kiasi, kwa hiyo bonyeza polepole, nusu kwa nusu. Ikiwa unakusudia kutumia bar 2, panda mpaka 4 na usubiri dakika ishirini. Sindano isitikisike, vifuniko visivimbe. Weka rula juu ya kifuniko kabla na baada, jicho hudanganya. Likivuja, toa maji, safisha, chomelea upya, pima upya. Kila mwaka naliweka tena kwenye kipimo, mara moja na nusu ya presha ya kazi.

Halafu kuna kipimo cha pili, cha moto. Washa, funga mlango wa injini kabisa, uache vali ya usalama ifanye kazi peke yake. Moto ukiwa mkubwa na vali imefunguka, geji isiendelee kupanda. Ikipanda, vali ni ndogo mno, na huna boila, una tatizo. Simama mbali, nyuma ya ukuta, na uisome geji kupitia kioo cha kunyolea. Usiikaze springi ya vali ili "kuongeza nguvu". Kiwandani tulikuwa na mtu aliyefukuzwa kazi kwa kutundika nati kwenye vali, na hakuna aliyemtetea, hata chama cha wafanyakazi.

Paipu ya kwenda kwenye geji iwe na kitanzi kimoja. Maji hukaa humo na kuizuia geji isipikwe na mvuke.

Maji gani?

Ya mvua, yaliyokingwa kwenye mabati baada ya mvua ya kwanza kuosha paa. Kisumu hatuna haki ya kulalamika juu ya mvua. Ya ziwa yana matope, ya kisima huacha ukoko mweupe. Maji ya betri yanafaa, ila soma chupa mara mbili usije ukabeba asidi. Ukoko ukishashika, maji ya ndimu yaliyoachwa usiku kucha huutoa, kisha suuza.

Jaza robo tatu. Boila nililolieleza linachukua kama mililita 150, injini ya vipimo vile inakunywa takribani gramu 3 kwa dakika, nami huzima baada ya dakika ishirini maji yakiwa bado yapo. Usisubiri yakauke.

Moto gani?

Spiriti. Vijiko vinne vya chai vinatosha safari moja. Itie kwenye pamba ya glasi ndani ya kopo, isiwe inatikisika kama supu, kwa sababu boti huinama. Balaa la spiriti ni kwamba mwali wake hauonekani juani. Niliwahi kuongeza mafuta kwenye taa niliyodhani imezimika, na nyusi zangu zilichukua miezi miwili kurudi. Sasa nasogeza kiganja juu yake kwanza, na chupa ya spiriti inakaa hatua kumi mbali. Mafuta ya taa yana masizi. Makaa ni ya wenye injini kubwa.

Niko Nakuru, juu zaidi. Mvuke utakuwa dhaifu?

Hapana. Ni kweli Kisumu, mita 1,131 kutoka usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Nakuru, kama mita 1,850, kwenye 94. Lakini boila limefungwa, na injini inajali tofauti kati ya ndani na nje, ambayo ndiyo geji inaonyesha. Tatizo lenu Nakuru ni pa kuelea. Ziwa ni la magadi na liko ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo tafuteni bwawa la samaki la jirani, au nendeni Naivasha, lenye maji baridi. Huko nako kuna viboko.

Boti iwe kubwa kiasi gani?

Kubwa kuliko unavyodhani. Boila, injini, maji, spiriti na tangi la mafuta vinafika kilo moja na nusu upesi, na boti ikiwa nyembamba itapinduka na moto ukiwaka. Yangu ina urefu wa sentimita 60, upana 15, inazama 5. Ukizidisha unapata sentimita za ujazo 4,500, lakini pua na mkia vimechongoka, kwa hiyo chukua kiasi cha asilimia 55: karibu 2,500. Kila sentimita ya ujazo ya maji inabeba gramu moja, basi ni kilo mbili na nusu zote pamoja. Boila likae chini kadiri inavyowezekana. Jaribu kwanza kwenye karai kubwa la kufulia, uweke mawe badala ya injini.

Umbo sikulitoa kwenye kitabu. Nilikaa siku nzima Dunga nikiwatazama waunda mashua, jinsi mbao za ubavuni zinavyopindishwa kukutana mbele, nikaiga kwa ubao mwembamba na gundi ya maji. Propela, ambayo Waswahili wa pwani wataniambia niiite rafadha, nilikata brasi ya milimita 1, mapanga matatu, kipenyo milimita 40. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Usitafute zaidi, boti fupi haikimbii hata ukiiwekea injini ya pikipiki.

Naielesha wapi na saa ngapi?

Asubuhi, kabla ya saa nne. Mchana upepo wa ziwa huamka na mawimbi yake ni madogo kwa mvuvi lakini ni milima kwa boti ya sentimita 60. Waulize wavuvi viboko wamelala wapi leo. Wao wanajua, wewe hujui. Vaa gambuti, maana kichocho kiko kwenye maji ya ufukweni.

Na gugumaji. Lilifika upande wetu wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, karibu mwaka 1990 na halina nia ya kuondoka. Jani moja likijisokota kwenye propela, safari imeisha. Boti yangu ya pili ilinaswa katikati ya kisiwa cha gugu kilichokuwa kinaelea, moto ukiwaka, na nilikaa nikitazama kinavyoibeba kuelekea ufukwe wa Usoma. Mvuvi alinirudishia baada ya siku tatu. Hakutaka pesa, alitaka kujua ilikuwa inavua nini. Tangu hapo naifunga kwenye mshipi wa kuvulia, izunguke duara.

Kwenye bwawa la samaki, omba ruhusa, na uweke kopo la kukusanya mafuta yanayotoka na mvuke uliotumika. Sato hawayapendi.

Kwa pampu ya upepo inazunguka vizuri. Kwa mvuke inakwama. Kwa nini?

Kwa kuwa hewa haigeuki maji. Mvuke wa kwanza unapoingia kwenye silinda baridi unakuwa maji, pistoni inayagonga, injini inasimama. Izungushe gurudumu kwa mkono mara kumi au ishirini mpaka silinda iungue kidole, itaondoka yenyewe. Ikiwa bado, pistoni imebana ikipata joto: isugue kidogo. Ikiwa inakwenda dakika mbili kisha inalia, haina mafuta.

Mafuta yanaingia kwa kikopo kidogo kilichochomelewa kwenye paipu ya mvuke, chenye kitundu kama cha sindano. Mvuke kidogo unaingia, unageuka maji, maji yanakwenda chini kwa kuwa ni mazito, mafuta yanainuliwa na kumwagikia kwenye paipu tone kwa tone. Hakuna pampu, hakuna kinachozunguka. Kila safari natoa maji yaliyo chini na kujaza mafuta mazito ya giaboksi.

Mtoto wa umri gani anaweza kufanya hivi?

Putu-putu, wa miaka minane akiwa na mtu mzima kando yake. Boila, akifika umri wa kuelewa kwa nini tunapima kwa maji. Wanafunzi wa sekondari wanaotaka kupeleka kazi kwenye maonyesho ya sayansi nawaambia wapeleke injini iendeshwe kwa upepo wa pampu ya baiskeli. Waamuzi wataona kila kitu, na hakuna boila ndani ya ukumbi wenye watu.

Nimeungua. Nifanye nini?

Maji baridi yanayotiririka, dakika ishirini, papo hapo. Si dawa ya meno, si mafuta ya kupikia, si unga. Vua pete kabla kidole hakijavimba. Malengelenge yakiwa makubwa kuliko kiganja, au ikiwa ni uso, nenda hospitali.

Nataka garimoshi, si boti.

Nakuelewa. Zile injini za reli aina ya Garratt za daraja la 59, zilizoundwa Manchester na kampuni ya Beyer Peacock kati ya 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja ikiwa na jina la mlima wa Afrika Mashariki na uzito wa tani 252 hivi. Mount Gelai bado iko kwenye jumba la makumbusho la reli Nairobi. Ukipata nafasi kaguse magurudumu yake. Lakini garimoshi linahitaji reli, boila lenye mabomba ya moto ndani, na silinda mbili zinazokubaliana. Tengeneza boti tatu kwanza. Maji ni reli ya bure.

Hiyo injini unaiuza?

Hapana.

Hata kwa bei nzuri?

Hapana. Lakini njoo Jumapili, uje na puli ya chereheni.